Milio Mitatu ya Jumatano

...kumi na nne, tena, kama wiki iliyopita na wiki ile ya kabla yake, na hao kumi na watatu walio mbele yangu wanapitia mlango gani, hilo sijawahi kulijua na nadhani nitazikwa bila kulijua, maana laini ya kliniki hufunguliwa saa mbili kamili asubuhi, si kabla, saa yangu nimeilinganisha na ya redio, nimebonyeza sekunde moja kabla nikaambiwa laini bado haijafunguliwa, tafadhali piga saa mbili, nikakata, nikabonyeza papo hapo, kidole hakijapoa, na ile sauti ya kurekodiwa, sauti ya mwanamke aliyelala vizuri, ikasema asante kwa kusubiri, wewe ni mtu wa kumi na nne... asante kwa kusubiri, na mimi hata sijaanza kusubiri, kisha kinanda, vipande vinne vya wimbo ambao hauna mwisho kwa sababu hauna katikati, na mama hapo mezani anapanga vifungo vyake, hanitazami, anavipanga kwa ncha za vidole, vya matundu mawili kopo hili, vya matundu manne kopo lile, anauliza kama wamepokea, nasema bado mama, anasema hata mkate hauivi kwa kuuchungulia, na mimi nachungulia kioo cha simu yangu kama kitabadilika kwa aibu. Leo ni Jumanne, nafasi za kupigiwa na daktari Jumatano hugawiwa Jumanne, na Ijumaa orodha ya upasuaji inafungwa, Ijumaa hii, hospitali ya macho wamesema wazi, bila barua ya rufaa ya daktari wa mama hawamgusi, na daktari wake haandiki barua mpaka azungumze naye kwa simu, yeye mwenyewe, si binti yake, mgonjwa kwa mdomo wake, na kama jina halimo kwenye orodha hii basi ni ile ya mwaka ujao, na mwaka ujao jicho la kulia litakuwa limelifuata la kushoto, mtoto wa jicho hangoji foleni, yeye ndiye pekee katika mambo haya yote asiyepewa namba... kumi na mbili, wewe ni mtu wa kumi na mbili, kumbe wawili wameondoka pamoja, labda ni mume na mke, labda wamekata tamaa, sitaki kufurahia watu kukata tamaa lakini nimefurahi. Jumanne nne nimepata nafasi, si kwamba sikupata, nne, kila moja nimeing'oa kama msumari, na Jumatano nne daktari hakupiga, au walisema alipiga, hapo ndipo moyo wangu ulipogeuka jiwe, maana nilimuuliza mama kila Jumatano jioni, daktari kapiga? na mama akasema hapana, kwa utulivu ule wake, hapana, hajapiga, na kesho yake dada wa mapokezi ananiambia, daktari alipiga, simu ililia mara tatu, haikupokelewa, utaratibu wetu ni milio mitatu kisha tunakwenda kwa mgonjwa anayefuata, na mimi kati ya mama yangu na mtu wa mapokezi nitamwamini nani? Nilikwenda mwenyewe, ndiyo, nilisimama mbele ya dirisha la dada wa mapokezi, msichana mpole, ana kikohozi, nikasema nipo hapa kwa miguu yangu, nipangie, akaonyesha bango ukutani, miadi ni kwa simu tu, nikaitoa simu nikapiga palepale, nikaisikia inalia nyuma yake, juu ya meza yake, na sauti ikanijulisha kwamba mimi ni mtu wa kumi na tisa, tukatazamana, akacheka kwanza yeye, nami nikacheka, halafu akasema, dada yangu, sheria si yangu, nami nipo tu nyuma ya kioo, na nilimwamini, ndilo linalonichosha, kila mmoja nikimsikiliza namwamini, daktari ana wagonjwa arobaini kwa asubuhi moja, msichana ana kikohozi na kioo, mama ana neno lake ambalo halijawahi kupinda... kumi na moja. Na barua ya malalamiko ipo mkobani, kurasa mbili, nimeifanyia kazi kama ninavyofanyia miswada ya watu, ofisini wananiita Kalamu Nyekundu, miaka ishirini na mbili nasahihisha vitabu vya wenzangu, koma iliyopotea naisikia kama jino linalouma, barua yangu nimeipunguza mara tatu, nimefuta neno uzembe, nimefuta neno ukatili, nimefuta hata yale maneno kwa masikitiko makubwa, imebaki tarehe na vitenzi, hakupiga, hakupiga, hakupiga, hakupiga, nilijivunia vitenzi vile. Mama ameangusha kifungo, nasikia kinavyobingirika, anakifuata kwa mguu, anakigusa kwa kidole gumba cha mguu na kukivuta, hataki nimwokotee, tangu lile shati hataki kuokotewa kitu, shati la mwalimu wa jirani, alilishona mwezi uliopita likawa na mikono miwili, yote ya kushoto, yeye, aliyewashonea maharusi wa mtaa mzima, na mwalimu alilipokea, akashukuru, akaenda kulifumulisha kwa fundi mwingine ili asimwaibishe, na fundi huyo akalitangaza, maana mafundi nao wana midomo, na mama aliposikia aliifunika cherehani kwa kitambaa cheupe, akasema tu, amenihurumia, akakaa, na sijawahi kusikia neno zuri likisemwa kwa uchungu namna ile... tisa, wewe ni mtu wa tisa, kinanda, vipande vinne, na mama anasema kitu, namsikia nusu, anasema habari za mdogo wangu, huyo tunayemwita Waziri, kwa sababu tangu utotoni hutoa ahadi na utekelezaji huwaachia wengine, yuko mbali, kazi za meli za mizigo, karani, anasema Waziri amebadilika siku hizi, nasema mm, jicho langu liko kwenye tisa, anasema umri huo, mtu akifika arobaini anaanza kumkumbuka mama yake, nasema mm, anasema kila wiki sasa, hakosi, milio yake mitatu, nasema mm... 

Milio gani, mama?

Anasema, si milio yetu, mitatu, nakukumbuka, sina shida, nini, umesahau sheria ya baba yenu? Sijasahau, nani angeisahau, baba alikuwa fundi saa na alipenda kila kitu kiseme kwa kugonga, mwaka nilioondoka nyumbani kwenda chuo alinikalisha akaniwekea sheria, mlio mmoja ukikatika, nimefika salama, miwili, nipigie, mitatu, nawakumbuka tu, msihangaike, na ilikuwa enzi ambazo dakika moja ya simu iliuma, kumpokelea mtu aliyekubipu ilikuwa kumnyang'anya tonge mdomoni, Waziri naye alipoondoka tuliisubiri yake ikatike, mikono mapajani, tukihesabu, mmoja... miwili... mitatu, halafu baba anatabasamu na kusema, haya, yuko mzima, tuendelee, na baba amekwisha kufa, na simu zimekuwa rahisi kuliko maji, na mimi na Waziri tuliiacha ile sheria bila hata kuagana nayo, lakini mama, mama hajawahi kuvunja sheria ya baba, amekaa nayo kama alivyokaa na pete, na sasa namwuliza, nasikia sauti yangu inatoka kama ya mtu anayepita juu ya kamba, hiyo milio mitatu ya Waziri huwa siku gani, mama? Anafikiri, kifungo kati ya vidole. Jumatano, anasema. Saa nne nne hivi. Mara ya kwanza nilikuwa naloweka nguo, nikasimama na povu mikononi, nikaihesabu, mmoja, miwili, mitatu, ikakatika, nikasema na wewe pia, mwanangu.

Jumatano, saa nne... na mimi kila Jumatano nilikuwa ofisini na koma za watu, na jioni nilimuuliza daktari kapiga, akasema hapana, na hakusema uongo, hajapiga daktari, kapiga mtoto wake, jina angelisomaje kwenye kile kioo kidogo na jicho ndilo lililoziba, na hata angelisoma pasingekuwa na jina, kliniki hupiga kwa namba iliyofichwa, na sikuikagua simu yake kwa sababu mtu hakagui simu ya mama yake, nilimwamini nikamhukumu daktari, na daktari alipiga, alipiga, alipiga, alipiga, vitenzi vyangu vyote vinne vilikuwa na herufi sahihi na vyote vilikuwa uongo, Kalamu Nyekundu, na kinachopanda kifuani mwangu sasa si aibu, nilidhani kitakuwa aibu, ni kicheko, ni kitu kikubwa kuliko kicheko, kwa sababu hakuna mbaya hapa, nimewatafuta wabaya kwa wiki nne na hakuna hata mmoja, yupo daktari mwenye utaratibu wa milio mitatu na yupo fundi saa, marehemu, mwenye utaratibu wa milio mitatu, hawakuwahi kuonana, wakagongana juu ya jicho la mama yangu... saba, wewe ni mtu wa saba, na mtu wa saba hana hasira tena, mtu wa saba anajua, kesho itapokelewa, kesho, kabla ya Ijumaa, barua itaandikwa, jina litaingia orodhani, mwalimu wa jirani atashonewa shati lenye mkono wa kulia na wa kushoto... lakini nimwambieje? Hapo nimekwama, maana nikimpa jicho namnyang'anya mtoto, Jumatano nne amekumbukwa, alisimama na povu mikononi akasema na wewe pia, na mimi nimwambie hukukumbukwa, mama, uliitwa tu katika foleni? Na ningeweza kunyamaza, ningesema tu kesho pokea kila simu, angepokea, ningemwachia Waziri wake mzuri, na ukweli ungebaki kwangu kama kosa la chapa ambalo msomaji hatalijua... ila mwalimu naye alinyamaza, mwalimu alilipokea shati akashukuru, na nyumba hii inajua huruma ya namna hiyo inavyokaa juu ya cherehani, nyeupe, imefunikwa. Kwa hiyo nasema. Nasema mama, kliniki wanapopiga, husubiri milio mitatu tu, kisha hukata. Nasema, huwa ni Jumatano, saa nne. Sisemi zaidi, na kidole chake kinasimama juu ya kifungo, matundu manne, anayahesabu, moja, mawili, matatu, manne, anayahesabu tena, na uso wake unafanya safari ndefu bila kuondoka kwenye kiti, na kinanda kinaendelea kwa ujinga wake, na halafu mabega yake yanaanza kutikisika, nadhani analia, naisukuma simu pembeni, si kulia, ni kucheka, anacheka mpaka anafuta macho yote mawili, zima na bovu, kwa upindo wa kanga. "Kumbe daktari ananikumbuka kuliko nyinyi," anasema. "Mara nne. Na mimi namjibu kabisa, na wewe pia mwanangu. Mtu mzima yule." Nami nacheka mpaka tumbo linauma, nasema mama, nilimwandikia barua, anasema barua gani, naitoa, anaipapasa, anaona karatasi ni nzuri, ngumu, anasema kurasa hizi zinatosha kukatia kielezo cha mfuko wa shati, upande wa nyuma haujaandikwa, anaikunja, anaiweka chini ya kopo la vifungo, na hivyo ndivyo malalamiko yangu yalivyopokelewa... sita. Halafu anatazama upande wa dirisha, ambako jicho la kushoto sasa huona mwanga tu, anasema yule baba yenu, anasema kwa upole, alipanga kila kitu isipokuwa siku ambayo mtu atapiga akiwa na la kusema, na anaivuta simu yake mfukoni, ile ya vitufe, anatafuta kitufe cha pili kwa kidole gumba, cha kwanza ni mimi, cha pili ni Waziri, anabonyeza, na naisikia inalia huko mbali, mmoja, namwona anasubiri kwa mazoea, miwili, kidole kinakwenda kwenye kitufe chekundu, kinasita, mitatu, na hakati, mama yangu hakati, minne, mitano, miaka yote hii sijawahi kuisikia simu yake ikipita mitatu, ni kama kumwona mtu mzima akivuka mto aliouogopa tangu utoto, na Waziri anapokea kwa hofu, namsikia mpaka hapa, "Mama? Nani amekufa?" na mama anasema, "Hakuna aliyekufa. Ile sheria ya baba yenu ndiyo imekufa, nimeizika mimi mwenyewe asubuhi hii. Kuanzia leo simu yangu ikilia naipokea, kwa hiyo ukipiga uwe na la kusema. Sasa kata. Halafu nipigie, nataka kufanya mazoezi." Waziri anauliza mazoezi gani, mama ameshakata, ameiweka simu mezani katikati ya makopo mawili, amekaa wima kama mtu anayepigwa picha, mkono hewani, na mimi sikioni kwangu asante kwa kusubiri, wewe ni mtu wa tano, nami nasema moyoni hata wa mia, hata wa mia nitasubiri, na simu yake pale mezani inatetemeka kati ya vifungo, inalia, mlio wa kwanza haujamalizika na mkono umeshashuka, umeipata bila kupapasa, sikioni, kidevu juu.

"Haloo, daktari," mama anasema. "Mimi ndiye mwenye jicho."