Mwezi Uliokaribia Matarajio

Jumanne saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Nzilani Muthoka wa gredi ya tisa alitoka nje ya nyumba yao katika mtaa wa Landless, Thika, akaushusha mwezi. Ulikuwa umepita upevu kwa siku mbili, na ulikuwa ukiteremka magharibi, upande wa mtaa wa Ngoingwa. Aliuvuta kwa ule mti wenye panda ambao mama yake, Mbula, huinulia kamba ya nguo, akautia kwenye karai. Mbula hufulia watu nguo. Alisema tu kwamba karai alilihitaji kabla ya saa mbili, kwa hiyo Nzilani akauhamishia mwezi kwenye gunia.

Mwalimu Githae wa sayansi alikuwa ameagiza kila mwanafunzi alete mfano wa Dunia, Jua na Mwezi, uliotengenezwa kwa vifaa vinavyopatikana katika mazingira yake. Karatasi za manila, rangi na mipira havikupatikana katika mazingira ya Nzilani. Mwezi ulipatikana. Alama za mradi zingehesabiwa katika kuwachagulia mkondo wa masomo ya mwaka ujao, na Nzilani hakutaka kitu kingine duniani ila mkondo wa sayansi.

Darasani, mwezi uliwekwa mezani kando ya mradi wa Rachael Ngendo wa Ngoingwa, uliotoka dukani ndani ya boksi, una betri, na bei bado imebandikwa chini. Jua liliingia kwa dirisha la mashariki likauangaza mwezi upande mmoja, kama linavyouangaza siku zote. Waliokaa dirishani waliuona mpevu. Wa katikati waliona nusu. Waliokuwa ng'ambo, wakilitazama dirisha, waliona kipande chembamba cha ukucha. Nzilani akawaomba waizunguke meza, na kwa dakika nne darasa lote likatoka mwezi mwandamo hadi mpevu na kurudi. Wote walielewa, jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba.

Githae pia alizunguka, karatasi ya tathmini mkononi.

"Nzilani, hii haina lebo," alisema. "Na hapa wanataka awamu nane. Mimi naona moja."

"Mwalimu, ukizunguka utaziona zote. Ama tungoje siku ishirini na tisa."

"Sistimu ya kuingiza alama inafungwa Ijumaa."

Hakuwa mtu mbaya. Karatasi ilisema "mfano", na huu haukuwa mfano, na mahali pa kuandika hivyo hapakuwepo. Kwa kuwa Nzilani hakuwa ameleta manila ya kuandikiwa, Githae aliandika kwa kalamu nyekundu juu ya mwezi wenyewe: *Anakaribia matarajio*, daraja la pili kutoka chini. Rachael aliandikiwa *Anazidi matarajio*, na betri yake ikaisha kabla ya chakula cha mchana.

Alhamisi wageni walikuja kukagua miradi. Mwalimu Mkuu, Bwana Ndung'u, ambaye ni mtu wa mwili, alisimama kati ya dirisha na mwezi ili apigwe picha. Kivuli chake kiliula mwezi pembeni, kikaumaliza, na ukabaki na wekundu wa sufuria ya shaba. Nzilani, aliyekuwa ameambiwa aeleze, alisema kwamba mwezi hupatwa kitu kikubwa kinapoukingia Jua. Wageni waliandika. Mwalimu Mkuu hakusogea, maana mpiga picha alikuwa hajamaliza.

Baadaye miradi yote ilipelekwa stoo, isipokuwa wa Rachael, uliowekwa kwenye kabati la vioo ofisini. Mtaa wa Makongeni, kwa sababu ya zile taa ndefu za mulika mwizi, hawakujua kwamba mwezi haupo. Ngoingwa kila ukuta una taa yake. Landless ndiko giza lilikoonekana, na Landless hawakuulizwa.

Siku ya kufunga shule ilitangazwa kwamba kila mtu aondoe mradi wake, mahindi ya muhula ujao yanaletwa. Zilikuwa zimepita siku ishirini na tano. Nyumbani, Mbula aliukagua mwezi kwanza, akaumwagia maji, akausugua ile sehemu nyekundu kwa sabuni ya kipande, kisha kwa majivu. Madoa anayajua yote, ya chai, ya damu, ya mafuta ya gari.

"Hii haitoki," alisema.

"Hata ukiiloweka, mwaitu?" Nzilani alimuuliza mama yake.

"Hii ni ya mwalimu."

Saa kumi na moja jioni waliuinua kwa ule mti, upande wa mashariki, nao ukashika njia yake.

Tangu hapo, kila mwezi unapokuwa mpevu, watu kuanzia Thika hadi Ruiru husoma maneno yale. Unapokonda huliwa herufi moja moja, kisha hurudi zote. Githae, anayeishi Ruiru, huusoma akiwa kwenye roshani yake, na husema mwandiko ni wake. Mbula alipomwendea alimkaribisha vizuri, akampa kiti.

"Ningebadilisha, Mama Nzilani," alimwambia, "lakini sistimu ilifungwa."

Barua ya mkondo ilifika siku ya mwezi mpevu. Nzilani alikuwa akimsaidia mama yake kuanua nguo, jua limetua punde tu na taa za stima zimepotea. Alipelekwa mkondo wa sanaa na michezo. Mbula alisema labda wamekosea, isomwe tena. Iliwauma wote wawili. Nzilani akageuka, akaielekeza karatasi mashariki, kwenye mwezi, akaisoma tena polepole hadi kwenye mhuri. Mwanga ulitosha.