Picha Aliyoipiga Mtani

Kisarawe nzima ilikuwa na mpiga picha mmoja tu, Kitwana Mwinyimadi, na yeye alishazoea hivyo. Banda lake la makuti lilikuwa chini kidogo ya boma, njia ya kwenda sokoni. Ndani alikuwa na pazia lililochorwa ngazi za mawe na maua ambayo Uzaramo hii hayajawahi kuota, koti la studio lililomkaa kila mtu vibaya, na saa ya mkono ambayo haitembei. Ukitaka kuonekana karani unavaa koti, unafunga saa, unakaa kitini mikono magotini. Kitwana anajifunika kitambaa cheusi nyuma ya lile sanduku lake la mbao, na sauti inatoka huko ndani kama ya jini: "Tulia! Usicheke! Usipumue!"

Watu wakamwita Bwana Usicheke.

Ukweli ni kwamba kamera yake ilikuwa ya kizamani, inakula mwanga polepole, na ukicheka mdomo unatoka kama umefutwa na kidole. Mtu mwingine angesema huo ni upungufu wa kamera. Kitwana akaufanya dini. Jioni barazani kwa Kondo, muuza kahawa, alikuwa anahubiri.

"Mtazameni Malkia pale ukutani bomani," anasema. "Anacheka? Hacheki. Wanaotawala hawacheki kwenye picha. Sisi tunaochekacheka ndiyo tunaolipishwa kodi ya kichwa."

Mwaka ule chama cha kudai uhuru kilikuwa kimeanza kuuza kadi huku Uzaramo, watu wanazificha kwenye mito ya kulalia. Kitwana kadi anayo, lakini maoni pia anayo. "Uhuru nautaka, nani hautaki? Ila yule katibu wetu anapepesa macho kama kaingiwa na mchanga. Nimempiga picha mara ngapi sijui, zote kafumba. Nchi ataishikaje, na kope zake mwenyewe zinamshinda?"

"Sasa tumchague nani, wewe?" Kondo anamuuliza.

"Mimi ni fundi. Fundi hachaguliwi, anaheshimiwa."

Nyumbani alikuwa na mke, Zena, mtu wa Dutumi, mwenye maneno machache na macho makubwa. Zena alikaanga mihogo mbele ya banda, na picha zake ndizo zilizokuwa ukutani kama mfano wa kazi: Zena kasimama, Zena kakaa, Zena na ua la karatasi. Zote kanuna kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Kitwana aliona hizo ndizo picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga, na alipomuuliza Zena, Zena alisema, "Zimetulia."

Basi bwana, ndipo akaja Wilbrod.

Wilbrod alikuwa Mnyamwezi, Mkatoliki, alikuwa mpishi wa mzungu mmoja kwenye shamba la mkonge upande wa Soga. Mzungu aliporudi kwao akamwachia kamera ndogo ya kuning'iniza shingoni. Wilbrod akaacha sufuria, akaanza kuzunguka na kamera. Hana pazia, hana koti, hata kiti hana. Anampiga mama anayetwanga, mzee anayegombana na mbuzi, vijana waliobebana kwenye baiskeli moja. Hamwambii mtu atulie. Kabla hujajua, tayari.

"Huo si ufundi, huo ni wizi," Kitwana akatoa hukumu pale kwa Kondo. "Picha ni heshima. Mtu anaoga, anavaa, anakuja. Huyu anawakuta watu na jasho la kwapa, anawachukua hivyo hivyo. Wajukuu zao watasema babu alikuwa mwehu."

Lakini watu walikuwa wanacheka wakiziona picha za Wilbrod. Wanasukumana, wanaitana. Kitwana alisikia vicheko vile mpaka ndani ya banda lake, na kila kimoja kilimchoma kama kijinga cha moto. Alianza kupita njia ya mbali ili asikutane na yule jamaa. Alianza hata kumwuliza Zena, "Leo kapita huyu?" Zena anageuza mihogo. "Kapita. Njia si ya kwako."

Halafu shida nyingine. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na mtani hakasirikiwi. Mtani ataingia kwako aondoke na kuku, utacheka. Atafika kwenye msiba wa babu yako adai kwamba sanda ni yake, marehemu kamwibia, utacheka huku unalia. Mkeo atamwita mkewe mbele ya watu, na hapo ndiyo ucheke zaidi. Ukikasirika, mkosaji ni wewe.

Wilbrod alizijua haki zake. "Shemeji gani?" alikuwa anasema akipita pale kwenye mihogo. "Huyu mke wangu. Nimemkopesha Mzaramo amsaidie kubeba lile kabati lake la picha."

"Nyie mlikuja pwani na mizigo kichwani," Kitwana anamjibu, meno nje, moyo unachemka. "Hiyo kamera umeiokota kwenye mzigo wa nani?"

"Na wewe ukisikia ngoma unaacha hata maiti njiani. Tulia hapo, usipumue!"

Watu hoi. Zena naye anainamia kikaango, mabega yanatikisika. Kitwana aliyaona yale mabega.

Siku moja, saa ya kahawa, akakuta watu wamejazana kwa Kondo wanapokezana picha. Akasema hatazami. Akatazama. Ya kwanza mama wa machungwa, ya pili watoto. Ya tatu ilikuwa uso wa Zena.

Zena anacheka. Kichwa kidogo kimeenda nyuma, macho yamekuwa kama mistari miwili, pengo la pembeni lile ambalo hata nyumbani anaziba kwa mkono liko wazi kabisa. Anatazama kando, anamtazama mtu asiyeonekana kwenye picha. Na ni mzuri. Hilo ndilo lililomuuma Kitwana: alikuwa mzuri kuliko Zena wote watatu wa ukutani, na Kitwana alikuwa hajawahi kumwona hivyo, yeye anayelala naye chumba kimoja.

"Unamjua huyo, mtani?" Wilbrod akamwambia. "Mke wangu huyo."

Kitwana akamkamata kola. Akamsukuma mpaka kwenye ukuta wa Kondo, birika likamwagika, akamwambia maneno ambayo hayana utani ndani yake hata chembe. Wilbrod hakupigana. Alimtazama tu kwa mshangao, kama mtu aliyeng'atwa na mto wake wa kulalia.

"Kamkasirikia mtani," mtu mmoja akasema polepole.

"Aibu gani hii?" Kondo akasema. "Kitwana, toka barazani kwangu."

Akaenda nyumbani na ile picha mkononi. Zena alikuwa anapepeta.

"Ulikuwa unamchekea nani hapa?"

Zena akaitazama. Akaitazama muda, mpaka tabasamu likamtoroka, na hilo tabasamu ndilo lililoharibu kila kitu.

"Nimeuliza, nani huyu wa pembeni?"

"Kama humjui, basi."

"Zena, sema!"

"Miaka yote unaniambia nisicheke. Nimecheka mara moja, unataka na jina." Akaweka ungo chini. "Sisemi."

"Basi nenda kwenu ukacheke huko."

Talaka hakutamka, lakini Zena hakusubiri atamke. Alifunga kanga zake na kikaango chake, akapanda lori la mihogo, akaenda zake Dutumi kwa wazazi wake.

Watani wa Kinyamwezi walikuja wakamtwaa jogoo wake kwa kosa lile, wakamla hapo hapo uani wakiimba. Hakuna aliyemhurumia. Ila jogoo halikuwa jambo. Jambo lilikuwa kile kicheko. Kitwana alikiweka mezani akala nacho, akalala nacho. Akamshuku karani wa soko. Akamshuku dereva wa lori. Akamshuku Kondo mwenyewe na uzee wake ule. Mteja akija anamtazama kwanza usoni: ni wewe? Ulimwambia nini mke wangu ambacho mimi sijui kumwambia?

Akajaribu hata yeye. Alikuja fundi baiskeli mmoja kupiga picha, Kitwana akamwambia, "Leo cheka." Yule bwana akadhani kategewa mtego. Akacheka kwa woga, kamera ikala mwanga polepole kama kawaida yake, na picha ikatoka mtu mwenye midomo miwili. Kitwana akaichana. Akawatazama wale Zena wa ukutani, wote watatu, na kwa mara ya kwanza akaona walikuwa wanamvumilia.

Wilbrod ndiye aliyekuja. Akasimama mlangoni, hakuingia.

"Mtani, umenikaba bure. Nilitaka nikuache na wivu wako, lakini jogoo wako alikuwa mtamu, nikaona nikulipe."

"Toka."

"Natoka. Tazama hii kwanza. Mimi nikisafisha picha huwa nakata pembeni, nabakiza uso, karatasi ni ghali. Hii sijakata."

Ilikuwa picha ile ile, nzima. Upande mmoja Zena mlangoni, kashika bakuli la unga. Upande wa pili, kwenye kiti cha studio kilichotolewa nje kufuata mwanga, katibu wa chama, kifua mbele, macho kayafumba. Na katikati miguu mitatu ya kamera na miwili ya mtu. Mtu mwenyewe kamezwa na kitambaa cheusi mpaka kiunoni, kanzu kaikunja, makalio kayainua juu kama bata anayetafuta kitu matopeni, na mbuzi wa jirani anatafuna pindo la kitambaa taratibu, bila haraka yoyote.

Zena alikuwa anamtazama huyo.

Kitwana akakaa chini. Alidhani atafurahi. Akasubiri furaha, ikaja kitu kingine. Kumbe mke wake alikuwa na uso ule kila siku, nyuma ya kitambaa, kila alipokuwa anapiga kelele mtu asipumue. Mwenye macho ya kuuona alikuwa Wilbrod. Mpishi! Kitwana alimwonea wivu pale kuliko alivyomwonea alipodhani kamchukulia mke.

"Ulimwonaje?" akauliza.

"Alikuwa amesimama hapo. Nikatazama. Wewe ulikuwa kazini."

Mtu aliyemkosea mkewe namna ile haendi ukweni peke yake, na wa kumsemea vizuri kuliko wote ni mtani, kwa sababu mtani anaruhusiwa kusema kila kitu. Kwa hiyo wakaenda wote wawili Dutumi.

Mzee Mwinyijuma, baba yake Zena, aliwakuta uani.

"Shikamoo, baba," Kitwana akasema.

"Marahaba." Neno lile lilitoka kavu.

Wilbrod hakungoja kukaribishwa. "Mzee, nimekuletea mwehu. Huyu mtoto wenu wa Kizaramo kaona mke wake anacheka, akauliza anayemchekesha ni nani, akataka kumuua. Anayemchekesha ni yeye. Kajionea wivu mwenyewe! Mmeshawahi kuona? Sisi kwetu mtu kama huyu tunamfunga kamba na mbuzi, wafundishane akili."

Mama yake Zena, Bi Biubwa, akaingia ndani upesi kanga mdomoni. Mzee Mwinyijuma alijikaza, ndevu zikamcheza, akashindwa.

"Mlete Zena," akasema akijifuta macho. "Ajibu mwenyewe."

Zena akatoka. Akamwamkia Wilbrod, lakini mumewe hakumwamkia.

"Nimekosa," Kitwana akasema.

"Umeiona yote?"

"Nimeiona."

"Na mbuzi?"

"Na mbuzi."

"Ungeniuliza kwa upole ningekwambia. Uliuliza kama askari." Akamtazama. "Narudi. Lakini wale watatu wa ukutani watoke. Ibandikwe hii, nzima, pale mbele wanapoingia watu. Na mtu akiuliza kapiga nani, umwambie."

Kitwana akahisi kama kaambiwa ameze kiti cha studio. Picha ya Wilbrod, ndani ya banda lake? Pale kwenye mfano wa kazi? Mteja aingie, akute makalio ya fundi, yamepigwa na fundi mwingine?

"Zena, chagua kingine. Nitakununulia kanga. Nitakupiga nyingine, unacheka, nitajitahidi..."

"Sitaki nyingine."

"Nikatae basi?"

"Kataa. Lori linarudi Kisarawe, kiti chako kipo."

Wilbrod alikuwa kageukia ukuta, anajifanya anatazama kuku.

"Nitaibandika," Kitwana akasema.

Na akaibandika. Alijaribu kuiweka nyuma ya mlango, Zena akaihamisha. Akajaribu kuiweka juu, karibu na makuti, Zena akaishusha usawa wa macho.

Mteja wa kwanza alikuwa Mwamini, mke wa mwalimu, kaja na mumewe wote wamevaa vizuri. Mwamini aliisogelea ile picha, akaweka mkono mdomoni, akamvuta mumewe, wakacheka mpaka wakashikana.

"Jamani! Sisi tunataka kama hii," Mwamini akasema. "Hii kapiga nani?"

Nje mihogo ilikuwa inachacharika kwenye mafuta, kisha Zena akakitoa kikaango motoni apate kusikia.

Kitwana akavuta pazia la ngazi za mawe likae sawa, ingawa lilikuwa sawa. Akakohoa.

"Wilbrod," akasema. "Mnyamwezi mmoja wa Soga." Akasogea nyuma ya kamera. "Anajua kazi."

Akaingia chini ya kitambaa cheusi haraka, kabla hawajamuuliza la pili.