Masikio ya Kondoo wa Mzee Trembath

Mawakili wa talaka walikuwa wamegawa yote yaliyogawika. Shamba lilikuwa la babu yake Ross Kinnear tangu kabla ya ndoa, likabaki la Ross, wala Glenys hakulitamani. Nyumba ya mjini Hay waliyoinunua pamoja iliuzwa, kila mtu akachukua nusu yake bila hata kutazamana. Waliowashinda ni kondoo.

Miaka sita nyuma, baba yake Glenys, mzee Trembath, alipofariki, alimwachia bintiye majike arobaini, uzao alioulea maisha yake yote. Glenys akawapakia kwenye lori, akawaleta kwa mumewe, akawachanganya na kundi. Nani huchanganya urithi wake namna hiyo? Mke anayeiamini ndoa yake, basi. Ukame ukawapunguza wakabaki kumi na wawili, lakini walikuwa wamezaa, na mabinti zao walijaa mle kundini wakiwa na alama ya Kinnear masikioni, kwani kule mwanakondoo hukatwa alama ya shamba alikozaliwa. Na aliyeshika koleo la kukatia, kila mwaka, alikuwa Glenys mwenyewe.

Makubaliano yalisema hivi: kwanza watafutwe wale wazee wenye alama ya Trembath. Wakipatikana ni wa Glenys, na kila binti wao atakayemtambua ni wake pia. Wasipopatikana, hakuna urithi uliobaki wa kudaiwa, na kundi zima ni la shamba. Aliyeyaandika hakuwahi kushika kondoo maishani mwake, ila alikuwa na tai nzuri shingoni.

Basi asubuhi hiyo Glenys alisimama mwisho wa ule uchochoro wa mbao ambamo kondoo hupita mmoja mmoja, mkono wake juu ya kilango. Akikisukuma kulia, kondoo ni wake. Akikisukuma kushoto, ni wa Ross. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na dada yake alikuwa amekodi malisho ng'ambo ya mto. Akienda huko na uzao wa baba yake, angekuwa mfugaji. Akienda mikono mitupu, angekuwa kibarua wa dada yake, na hilo lilimkosesha usingizi mwezi mzima.

Col Vickery, mnadishaji wa kondoo aliyekubaliwa na pande zote mbili, alikaa juu ya uzio na daftari lake. Ross alikuwa nyuma akiwaswaga.

"Fumbua macho, Glen," alisema. "Mia tisa wanapita mara moja tu. Sitawarudisha eti kwa sababu mtu alikuwa anapiga miayo."

"Wewe lete kondoo."

Wakaja. Glenys hakutazama kitu ila masikio. Alama ya baba yake ilikuwa pengo kwenye ncha, mfano wa mkia wa mbayuwayu. Ya Kinnear ilikuwa ncha iliyokatwa wima. Walipita mia, wakapita mia mbili, na masikio yote yalikuwa yamekatwa wima. Vumbi lilimkaa kooni. Ross alisema kwa sauti ya upole, ile aliyoitumia kwa wageni, kwamba ukame haukuchagua, na kwamba alishamwambia wamekufa. Glenys alianza kumwamini.

Ndipo akaja jike mzee mwenye pua iliyopinda. Glenys alifunga kilango usoni pake.

Pua ile aliijua. Kondoo huyo alipigwa teke na farasi akiwa mchanga, na mzee Trembath ndiye aliyemlea kwa chupa jikoni, mkewe akinung'unika.

"Huyu ni wa baba," alisema.

"Soma sikio," Ross akajibu. "Makubaliano yanasema sikio."

Sikio lilikuwa limekatwa wima. Lilikuwa pia fupi, fupi mno, kama lililoondolewa ncha yote pamoja na pengo lake. Glenys alilishika, akapitisha kidole ukingoni, na badala ya manyoya laini akakuta kigaga kikavu. Kigaga kama hicho ni cha wiki tatu hivi, na wiki tatu zilizopita alikuwa kwa dada yake, akipanga vyombo.

"Col," alisema, "njoo uweke kidole chako hapa."

Col alishuka. Alipapasa sikio lile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana alikuwa amekula meza moja na baba yake Ross. Katika nyanda zile mwanamume anaweza kunywa mavuno yake yote, anaweza kulala kusikomhusu, na bado watu wakamsalimia mnadani. Anayekata sikio la kondoo wa mwenzake ni mwizi, na hasalimiwi tena mpaka anazikwa.

"Ross, nakuuliza mara moja, na jibu lako naliandika. Kidonda hiki kina wiki ngapi?"

"Alinasa kwenye waya."

"Waya unaokata kwa rula," alisema Col. "Basi tuone umewanasa wangapi."

Uliwanasa kumi na wawili, wote kwa mkato uleule. Col aliandika kila mmoja, kisha akamwambia Ross kwamba kuanzia hapo Glenys akisema, yeye ataandika, na masikio hayatasomwa tena.

"Ungeniachia nini?" Ross alimwambia mkewe. "Hao wako ndio wenye sufu ya maana."

Glenys alitaka kumtemea mate. Alishangaa kuona kwamba amemwonea pia aibu, aibu ya mke, kana kwamba yeye ndiye aliyefumaniwa.

Mchana kutwa wakawapitisha tena, safari hii kutafuta mabinti. Glenys aliwajua kwa nyuso na kwa mwendo, kulia, kushoto, na hakuna aliyebisha. Jua likiwa limeinama akabaki mmoja, jike la miaka miwili. Glenys alimtazama mbele na nyuma, hakumjua. Col alisubiri na kalamu. Angetamka tu kwamba ni wake, yangekwisha. Lakini akafanya alichozoea kufanya miaka yote kwenye kilango hicho akipata shaka, akageuka kumwuliza mumewe.

"Ross. Huyu wa nani?"

Ross hakuinua kichwa. "Wako."

Pengine ilikuwa kweli. Hakuwa tena na sababu ya kudanganya. Glenys alingoja moyo wake umwamini, kama ulivyokuwa ukimwamini zamani bila kuombwa, na moyo ukakataa. Akasukuma kilango kushoto, upande wa Ross.

"Amesema ni wako," Col alimkumbusha.

"Nimesikia," alisema Glenys, akaenda kuleta lori.