Uyoga Uliovaa Shela

Ukiitwa mwongo kwa miaka ishirini na miwili, hata kama ulichosema ni kweli tupu, iko siku utaanza kujipekua mwenyewe. Bi Reki alikuwa ameifikia siku hiyo.

Miaka thelathini aliifagia bustani ile ya umma, akapogoa, akasukuma toroli la mboji mpaka viganja vikawa kama soli. Asubuhi moja baada ya mvua, nyuma ya banda la zana, aliona uyoga umevaa shela. Si kwa mfano, shela hasa: jeupe, la matundu matundu, limechomoza chini ya kofia na kufika kiunoni. Akaacha toroli, akakimbia kumwita mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa anakunywa chai, na chai ya mkubwa haikatishwi. Alipojikokota kufika, jua lilikuwa limekwishamaliza kila kitu. Palibaki utelezi na nzi wawili.

"Mama huyu ameanza kuona maharusi," akawaambia wafanyakazi, nao wakacheka, maana mshahara ulikuwa karibu. Kisha akaandika kitabu kizima cha mimea na uyoga wa bustani ile, na uyoga ule hamna. Wakubwa wana kalamu, wadogo wana kumbukumbu. Kalamu ikiisha wino inanunuliwa nyingine.

Na sasa macho. Daktari alisema katikati ya jicho panakufa, pembeni patabaki kidogo, kwa muda. Akimtazama mtu usoni, uso ulifutika yakabaki masikio. Ili aone kitu ilimbidi aelekeze macho kando yake, kama anayempuuza mdai. Ndipo alipokwenda kwa mdogo wake, fundi picha mwenye kistudio cha mlango mmoja, kiti kimoja na kitambaa cheupe ukutani.

"Beba kamera. Mvua imenyesha siku mbili."

"Dada, mimi napiga watu picha za pasipoti."

"Basi na huo unasafiri. Twende."

"Wote waliokucheka wamestaafu. Unataka kumwonyesha nani?"

"Mimi," Bi Reki akasema. "Nataka nijue kama niliuona."

Mdogo wake akafunga studio.

Nyuma ya banda palikuwa vilevile: maranda yaliyooza, majani makavu, magome ya miti. Bi Reki alipiga magoti, akapitisha vidole chini ya majani taratibu, kama anayetafuta sarafu kitandani kwa mtu aliyelala. Akakuta mayai manne ya uyoga. Laini, baridi, kila moja na uzi mweupe mkiani uliozama kwenye mbao zilizooza.

"Ndiyo haya. Yatapasuka kesho au keshokutwa, asubuhi," akanong'ona, akaenda bombani kunawa.

Kumbe alimwacha fisi na bucha. Mdogo wake alikuwa na mazoea ya miaka: mteja akikaa, unamnyoosha kola, unamfuta jasho, unaondoa kila kitu nyuma yake. Akafagia majani, akatupa maranda mbali, akatandika kitambaa cheupe. Pakawa safi. Dada yake alirudi, na kwa macho yale, hakuona tofauti.

Kesho yake alinyoosha mkono akakuta matatu yamesinyaa kama maputo ya juzi.

"Nani amegusa hapa?"

"Nilisafisha kidogo tu, dada. Palikuwa na takataka."

"Takataka!" Njiwa waliruka juu ya banda. "Hilo ndilo blanketi lao, ndicho chakula chao! Umewavua nguo watoto wachanga ukawaanika juani! Mkurugenzi alinicheka tu, wewe ndugu yangu wa tumbo moja umenizika!"

"Dada, nisamehe."

"Uyoga si mteja, ewe Pasipoti! Hautengenezwi, unafuatwa!"

Akakaa chini, akahema. Mvua nyingine huenda ingemkuta gizani. Kisha akahesabu tena kwa vidole.

"Yalikuwa manne."

"La nne lilikuwa chini ya gome lile. Sikufika huko." Akashusha sauti. "Palikuwa na jongoo."

"Mwanamume mzima!"

"Alikuwa mkubwa, dada."

"Mungu amzidishie maisha jongoo huyo." Akainua gome kidogo, akagusa. Baridi, limejaa. Akalishusha kwa uangalifu. Wakarudisha majani yote, fundi picha akiyapanga kwa mikono yake miwili, moja moja.

Asubuhi ya tatu walifika jua halijapanda paa la banda. Bi Reki alimlaza mdogo wake kifudifudi. Walipokuwa wakingoja, fundi picha aligeuza lenzi kwenye kwekwe la ukutani, ua la samawati lisilozidi kichwa cha kiberiti, akashtuka. "Dada, hili lina mistari ndani! Lina unga wa manjano!"

"Tumeyang'oa miaka thelathini kwa amri," akasema dada yake. "Tulia, yai linapasuka."

Yai lilipasuka juu. Kikatoka kichwa cha kijani kilichojaa utelezi, kikafuatiwa na shingo nyeupe, na shingo haikukoma. Uyoga ulipanda mbele ya macho yao, bila upepo, bila mtu kuusukuma, chembe za udongo zikibiringika pembeni. Harufu ikatoka, kali, kama kitu kilichokufa chini ya sakafu. Nzi wakaja. Mkono wa fundi picha ulinyanyuka kuwafukuza, ukasita, ukarudi kwenye kamera.

"Wamo kwenye picha?" dada akauliza.

"Wamo. Na uozo umo."

Kisha, chini ya kofia, ukingo mweupe ukachungulia. Uzi kwa uzi, tundu kwa tundu, shela likaanza kushuka.

Bi Reki aligeuza uso, akatazama ukuta, na pembeni ya jicho ajabu yote ikaingia. Lile lile. Weupe ule ule. Hakuwa mwongo. Hakuwa amechanganyikiwa. Akataka kupiga kelele, wakamsikie mpaka makaburini waliocheka.

"Nikamwite msimamizi wa bustani?" mdogo wake akanong'ona.

"Usiondoke!"

Maana shela lilifika kiunoni, na hapo ndipo kumbukumbu yake ilipokomea. Hapo ndipo alipokimbia kwenda kusimama mbele ya kikombe cha mtu. Nalo halikusimama. Liliendelea, likapanuka kama sketi ya msichana anayezunguka, jua likapita kwenye matundu na kumwaga vijidoa vya mwanga juu ya majani yaliyooza. Miaka yote ile alikuwa akibishania nusu tu.

"Dada," fundi picha akasema, "unaona?"

"Shh. Bado linashuka."