Petroli Isimfikie Mama

Pikapu ilizima mara ya tatu karibu na Makurunge. Abdulnasir akaupiga usukani kwa kiganja. "Leo? Hata leo?"

Nyuma, ndani ya jeneza, alilala mama yake, Bi Shamsia, aliyefariki alfajiri nyumbani kwa bintiye huko Ubena. Wasia wake ulikuwa mmoja tu: azikwe Mlingotini, ubavuni mwa mumewe. Kaburi lilishachimbwa. Lakini makaburi yale yako karibu na bahari, na Ami Mahmoud, mdogo wa marehemu baba yao, alikuwa amekwisha kupiga simu mara mbili. Sasa akapiga tena.

"Nasiri, maji yanajaa. Kaburi limeanza kutoa maji chini. Ikipita saa kumi, hapa hapaziki mtu. Mzikeni hukohuko mlipo."

"Tunakuja, Ami," akajibu, naye hajui watakujaje.

Na huyo ni fundi, jamani, tena fundi wa kusifiwa! Miaka ishirini gereji Bagamoyo, pikapu kuukuu akiisikia ikikohoa tu anajua inaumwa nini. Lakini ndiyo hivyo, mganga hajigangi.

Akafungua boneti. Moto wa plagi upo. Filta safi, aliibadilisha mwezi huohuo. Akachomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, shemeji yake Mikdad akapiga stata. Yakatoka matone mawili matatu, basi. Presha hakuna.

"Pampu imekufa," Mikdad akasema.

"Ingekufa ingetufikisha hapa?" Abdulnasir akafoka, halafu akaona haya kufoka mbele ya maiti.

Akachomoa mpira unaotoka kwenye tangi, akaupuliza kwa mdomo kama alivyofanya mara mbili kule nyuma. Tangini yakabubujika. Njia iko wazi! Akarudisha mpira, gari likawaka, likaenda kilomita tatu, likazima tena. Saa tisa kasoro robo. Akasimamisha lori, dereva akaliona jeneza, akapandisha kioo, akaenda zake. Abdulnasir akakaa chini kando ya lami, akalia kama mtoto. Mama aliomba kitu kimoja, na yeye fundi mzima ameshindwa kumfikisha.

Dada yake Zuwena akashuka, tasbihi mkononi. "Kila ukipuliza, linakwenda," akasema. "Hilo linataka hewa. Dumu la mafuta ya kula ukilitoboa tundu moja tu, yanatoka?"

Abdulnasir akamtazama. Kisha akautazama mdomo wa tangi.

Kifuniko cha tangi kilipotea zamani, yeye huziba kwa tambara. Asubuhi ile mama alipokwisha kuoshwa na kuvishwa sanda, karafuu maiti ikinukia, Abdulnasir alilitazama lile tambara lililolowa petroli, roho ikamuuma. Maisha yake yote Bi Shamsia alimpokea mlangoni kwa maneno yaleyale: "Wanuka petroli, mwanangu. Kaoge kwanza ndipo unisogelee." Basi akalitupa tambara, akafunga mdomo wa tangi kwa mifuko miwili ya nailoni, akakaza kwa mpira wa tyubu, tena na tena, harufu isimfikie mama. Harufu haikutoka, na hewa nayo haikuingia. Pampu ikawa inavuta mafuta, tangi linayang'ang'ania.

"Ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyemzuia."

Akaukata mpira wa tyubu kwa kisu, akaivua mifuko. Tangi likavuta hewa, fyuuu! Akaacha mdomo wazi, na petroli ikanuka mpaka juu ya jeneza. Gari likawaka, na halikuzima tena.

Mlingotini waliwakuta watu wanakomba maji kaburini kwa ndoo na kumwaga mchanga mkavu. Abdulnasir akatia udhu, akaisugua mikono kwa mchanga. Petroli ikagoma kutoka. Wakamswalia upesi. Kisha sheikh akamwita mtoto wa marehemu ashuke ampokee.

Akashuka, miguu ikazama mchangani hadi vifundoni. Wakamteremshia mama yake. Akampokea kwa mikono ileile, karafuu maiti na petroli vikimjaa puani.

"Mama," akanong'ona, "nimekusogelea na sijaoga. Nisamehe."

"Mlaze, mwanangu," Ami Mahmoud akasema kutoka juu. "Maji yanarudi."

Akamlaza kwa ubavu wa kulia, akamwelekeza kibla.