Pole ya Fundi Cherehani

"Lia tu, mwanangu. Usijizuie," mteja alimwambia mshauri, huku akimsugua mgongo kwa kiganja chake kigumu cha fundi cherehani.

Mshauri huyo, Msusi, alilia. Alipokumbuka kwamba yeye ndiye aliyepaswa kusikiliza, machozi yalikuwa yameshamzidi nguvu. Msimamizi, aliyekaa kwenye kona akiwatazama, alishusha macho.

Kituo kizima cha ushauri kilimwita Msusi kwa sababu alitokea saluni. Alikuwa akisuka wanawake karibu na geti la hospitali, na wengi walimletea kichwa na msiba kwa pamoja. Pale saluni mtu akitua mzigo wake haachwi peke yake nao. Msusi hutoa wake, wa pembeni huongeza wake, mwishowe wote wanapangusa macho na kucheka. Msimamizi alikwenda kusukwa siku moja, akamsikiliza, akamwambia kuna mafunzo ya ushauri, na kwamba darasa alilofikia si hoja. Mama yake alipopata habari alicheka sana: kumbe siku hizi umbeya nao unasomewa?

Fundi alikuwa mteja wake wa kwanza. Alikuwa amemzika mwanawe wa pekee. Alikaa kimya mpaka Msusi akadhani siku imepotea, kisha akasema polepole, "Asubuhi ile aliniambia kichwa kinamuuma. Mimi nikamwambia..."

Hapo akakwama. Na Msusi, kwa huruma, akafanya kama saluni: akamshika mkono, akamsimulia jinsi dada yake alivyokata roho mikononi mwake. Fundi akaacha yake, akaanza kubembeleza.

Alipoondoka, msimamizi hakufoka. "Leo mteja kafanya kazi nzuri kuliko wewe," alisema. "Neno alikuwa nalo mdomoni. Ukalirudisha tumboni." Akaongeza kwamba watu wa namna ile mara nyingi hawarudi, na asiporudi, Msusi naye arudi kwenye vitana vyake.

Wiki ile Msusi alisuka vibaya, mpaka wateja wakalalamika kwamba anawavuta nywele. Hofu ya kufukuzwa ilimuuma, ndiyo. Lakini zaidi alimwaza Fundi ameinamia cherehani, na lile neno tumboni.

Siku ya miadi Fundi alikuja. Hakukaa. Alikuwa amepita tu, alisema, kumjulia hali.

"Umeshatulia, mwanangu?"

"Nimetulia, mama. Lakini wewe siku ile hukumaliza."

"Mimi? Aa, yangu yamekwisha."

Ulimi wa Msusi ulijaa maneno: pole, ndiyo dunia, hata mimi. Aliyameza moja moja, mikono ameikalia. Msimamizi akakohoa, Msusi hakumtazama. Fundi akaaga, akaenda mlangoni, akashika kitasa. Hakukizungusha.

"Nilimwambia aache uvivu," aliuambia mlango. "Nikamwambia ainuke, akachote maji. Akainuka."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Msusi alibaki kwenye kiti. Hakumwambia ageuke.