Damu Iliyotuama kwa Mistari

Saa nne asubuhi ya Jumanne, Placidi wa maabara alisimamisha mirija kumi na mmoja ya damu karibu na dirisha linalotazama ziwa, akatega saa ya simu yake dakika sitini, akaenda kunywa chai na mihogo. Damu ikiachwa imesimama kwenye mrija mwembamba, wekundu wake hushuka polepole na juu hubaki maji ya njano. Umbali ulioshuka kwa saa moja hueleza jinsi mwili unavyopambana na ugonjwa. Aliporudi, mirija kumi ilikuwa imetuama kama kawaida. Mmoja, wa Ottilia Ndunguru, ulikuwa umetuama kwa mistari.

Ilikuwa mistari saba, myekundu na myembamba, mingine imekaribiana, mingine imeachana. Placidi hakushangaa. Mwaka juzi aliwahi kupima damu ya katekista mmoja ikapanda badala ya kushuka, akaiandika kwa alama ya kutoa, na hakuna aliyeuliza. Alichukua rula, akapima, kisha akatoka nje kwenye benchi.

Ottilia alikuwa amekaa pale, mguu wa kushoto ameunyoosha. Alikuwa mkulima wa kahawa kutoka milimani juu ya Mbinga, miaka hamsini na mitatu, mjane, mwenye ulimi usiopenda kuzungushwa. Alikuwa ameshuka ziwani kwa basi siku iliyotangulia na kulala kwa wifi yake Luisa, anayeanika usipa, dagaa wa ziwani, ufukweni, ndiyo maana nguo za Ottilia zilinuka dagaa. Kwenye paja alikuwa na uvimbe uliokuwa umefikia ukubwa wa ngumi. Ilikuwa saratani ya tishu laini, ile inayoota kwenye misuli na mafuta. Kama ingekatwa mapema angepona, na bado, kama ingekatwa sasa, alikuwa na nafasi.

"Shikamoo mama," Placidi alisema. "Damu yako ina mistari."

"Marahaba. Mingapi?"

"Saba."

Ottilia alifungua mfuko wake wa plastiki na kutoa daftari la shule, lile ambalo kila mgonjwa hununua dukani ili waganga wa hospitali waandike humo. Aliufunua ukurasa wa kwanza na kuanza kuhesabu kwa kidole. Mara ya kwanza walimwambia amevutika msuli, wakampa dawa ya kuchua. Mara ya pili ilikuwa jipu. Mara ya tatu ilikuwa mafuta tu, mama, nenda ukalime. Mara ya nne mganga alikuwa kwenye semina. Zilikuwa safari saba kabla mtu hajakata kipande cha nyama na kukipeleka kipimwe. Placidi aliuleta mrija, akausimamisha kwenye benchi kando ya daftari. Palipopita miezi minne kati ya safari mbili, mistari iliachana milimita nne. Palipopita wiki mbili, iliachana nusu milimita.

"Imeandika vizuri kuliko waganga wangu," Ottilia alisema. "Nawe iandike."

Placidi aliandika.

Tatizo lilikuwa kamati. Hospitali ilikuwa na nafasi nne tu kwa mwaka za kupeleka wagonjwa wa uvimbe kukatwa mbali, na kamati ilizigawa kwa kutumia damu. Walihesabu aina mbili za seli nyeupe na kugawanya moja kwa nyingine, wakapima protini inayopanda mwili unapowaka, wakapima kasi ya kutuama. Kila kipimo kibaya kilipewa alama moja. Mwenye sifuri damu yake ilitabiri maisha marefu, akapewa nafasi. Mwenye tatu alitabiriwa miezi minane, akapewa vidonge vya maumivu na maneno mazuri. Karatasi ya wataalamu ambako hesabu hiyo ilitoka ilisema wenye damu mbaya wafuatiliwe kwa karibu zaidi. Lakini karatasi ilikuwa ndefu na wanakamati wana shughuli nyingi, kwa hiyo walisoma jedwali.

Ottilia alikuwa na tatu.

Daktari Joakim, mwenyekiti wa kamati, hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti, akauinua mrija kwenye mwanga, akaitazama mistari kwa heshima.

"Naiona, mama," alisema. "Lakini fomu ina sehemu ya milimita. Haina sehemu ya mistari."

"Daktari, mimi nimefanya kazi miaka kumi na mmoja kwenye mashine ya kahawa ya kijiji. Watu wanaleta kahawa mbivu, tunaimwaga kwenye maji, inayoelea tunaiengua. Mwenye kuengua nilikuwa mimi. Kwa hiyo usinieleze mnachofanya hapa, nakijua."

"Basi unatuelewa."

"Siwaelewi. Kahawa ikielea sana nilikuwa namuuliza mwenyewe imelala kwenye gunia siku ngapi. Na kama aliyeichelewesha ni sisi, kwa sababu mashine ilikuwa mbovu, hatukumwambia kahawa yake ni mbaya. Mimi nimelala kwenye gunia lenu miezi kumi na tisa."

Daktari Joakim alisema hoja hiyo ataifikisha. Aliifikisha. Kamati iliijadili kati ya suala la paa la jiko na suala la mafuta ya jenereta, ikaamua kwamba mistari isihesabiwe.

Jumanne iliyofuata mrija wa Erasmo, mvuvi wa usipa mwenye uvimbe begani, ulituama kwa mistari mitano. Ikafuata mirija mingine. Waliosha mirija kwa sabuni na mistari ikabaki kwenye kioo. Waliagiza mirija mipya kutoka Songea, nayo ikachorwa mistari siku ya kwanza. Wagonjwa wakaanza kuja na madaftari yao wazi mkononi, wanalinganisha wenyewe kwenye benchi, na mhudumu wa usafi akawa anawaazima rula. Erasmo alikuwa na alama tatu. Alikufa Februari, ndani ya miezi aliyotabiriwa, na kwenye kikao kilichofuata ilisemwa kwamba kipimo kinafanya kazi vizuri. Maneno hayo yalisemwa kweli, na watu waliosoma.

Ottilia alikuwa amekwisha rudi milimani. Aliambiwa asifanye kazi nzito na asipange mambo ya mbali, kwa hiyo alikwenda kwenye kitalu cha kijiji akachukua miche mia mbili ya kahawa. Mche wa kahawa huanza kuzaa vizuri baada ya miaka mitatu. Bwana kitalu alilijua hilo, na alijua habari za damu yake, akamhesabia miche yote. Ottilia alichimba mashimo ya futi mbili kwa mbili akiwa amekaa chini, mguu umenyooshwa pembeni, siku nyingine mashimo matatu, siku nyingine nusu shimo. Maumivu yalikuwa makali. Alilia mara nyingi pale shambani, akatukana kwa Kimatengo, akachimba.

Kila mwezi alishuka ziwani kwa basi, akampa Placidi mkono atoe damu. Kila mwezi mstari mmoja uliongezeka. Aprili na Mei mvua ilikata barabara, hakuja.

Alikuja Juni, akiwa na mkongojo wa mti wa kahawa, uvimbe sasa ukubwa wa papai. Alisimama mbele ya dirisha la masjala akataja jina lake. Karani aliitwa Herieth, binti mpole. Alitafuta, akatafuta tena.

"Mama, faili lako limefungwa."

"Limefungwa na nani?"

"Na kamati. Limeandikwa Aprili." Herieth aliligeuza ili Ottilia asome mwenyewe. Kulikuwa na mhuri, na chini yake maneno mawili: Utabiri umetimia. "Kwa damu ile ulitakiwa uwe umekufa Aprili, mama. Pole."

"Aprili nilikuwa napalilia," Ottilia alisema.

Herieth alikwenda kuuliza. Alirudi akasema faili lililofungwa kwa kifo halifunguliwi, na mtu asiye na faili hawezi kujadiliwa kwa nafasi za mwaka huu. Daktari Joakim mwenyewe alitoka, akamwamkia, akamshika mkono kwa mikono miwili. Alisema anafurahi sana kumwona. Alisema kwamba kwa sasa hakuna njia.

Orodha ya watu wanne ilikuwa imebandikwa ukutani. Ottilia aliisoma yote, pamoja na tarehe na sahihi. Kisha alivuka ukumbi hadi maabara, akakaa kwenye kiti kilekile cha kutolea damu, akakunja mkono wa gauni.

"Huna faili, mama," Placidi alisema. "Nitaandika wapi?"

Ottilia alifungua mfuko wa plastiki. Daftari la zamani lilikuwa limejaa. Alitoa jipya, la kurasa mia moja na ishirini na nane, akaliweka mezani mbele yake.

"Toa damu," alisema. "Anza na leo."